Karatasi Ilikuwa na Nafasi

Kwamboka,

Leo nakuita kwa jina lako, si Mama Osoro kama nilivyozoea. Mama Osoro alikuwa rafiki yangu. Huyu ninayemwandikia sijui ni nani, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Pasta wetu hutufundisha kwamba waliolala hawajui kitu mpaka siku ya parapanda. Basi hutasoma. Ninyi Wakatoliki mnaamini kwamba mko mahali mnatusikia, na tulibishana juu ya hilo miaka mingi tukikata majani ya nepia ya ng'ombe, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Leo naomba iwe ninyi ndio mnaosema kweli. Nataka unisikie.

Ningekuja kaburini nikuambie kwa mdomo. Lakini umelazwa pale kwenye migomba, mbele ya mlango wa mwanao Osoro, na mkewe angenisikia. Tena mimi nikikasirika nalia, unanijua. Afadhali niandike. Shule niliachia darasa la tano, wewe ndiye uliyenirudishia kusoma, kwa hiyo makosa yakiwepo jilaumu mwenyewe.

Nianze na habari za kawaida. Banda la maziwa la kikundi chetu hapa Mosocho lina mabati mapya. Ile ndoo uliyokuwa ukiipindua na kuikalia ukipima maziwa bado iko, na hakuna anayeikalia. Mama Agnes bado anapiga kelele kama anaita watu walio ng'ambo ya mto. Mjukuu wako ameng'oka meno ya mbele, na ukimwuliza yameenda wapi anasema umeyachukua wewe ukayatumie huko. Karatasi yako ya ukutani ilikuwa imepauka kwa jua nikaiandika upya. Ndiyo, mimi. Kikundi kilinipa kalamu. Walisema, "Wewe ndiye uliyekuwa naye tangu mwanzo, mistari hii unaijua."

Naijua. Ilizaliwa jikoni kwako, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako kilichovunjika mguu.

Unakumbuka ilivyokuwa kabla? Aliyeshika kipimo cha maziwa ndiye aliyekuwa serikali. Leo maziwa yako yanakubaliwa, kesho yale yale yanarudishwa kwa sababu mligombana naye sokoni. Shemeji yake hakuwahi kuwa na maziwa mabaya hata siku moja, Mungu alikuwa amembariki. Ndipo ukaenda semina kule Suneka, ukarudi na karatasi kubwa nyeupe imeviringishwa kama mkeka. Ukaniambia, "Mama Kemunto, dawa ya ugomvi nimeipata. Tutaandika sheria zetu kwa jedwali, kila mtu azione, na anayepima asiwe na ujanja."

Sikukuelewa. Ukachukua makaa ukachora sakafuni. Ukasema juu kabisa, kwa upana, tunaweka maswali: Leo ni siku gani? Maziwa yana harufu? Kipimo kimekubali? Na upande wa mwisho kulia tunaweka la kufanya. Kisha chini yake mistari. "Kila mstari ni sheria moja nzima," ukasema. "Unausoma kama unavyochuma chai. Unaingia huku unatokea kule, huruki. Maswali yote ya mstari huo yakikubali, unafanya kilichoandikwa mwisho. Likikataa moja tu, achana na mstari huo, shuka wa chini."

Nikakuuliza, "Na hiki kisanduku hukuandika kitu, umesahau?"

Ukacheka. "Sikusahau. Kikiwa tupu maana yake ni haijalishi. Iwe ndiyo, iwe hapana, sawa tu."

Nilirudi nyumbani nikimrudia maneno hayo Kemunto wangu mpaka akaniambia, "Mama, basi, nimeelewa." Nilikuwa na furaha kama mtoto aliyepewa viatu. Maana wewe ulikuwa na kalamu lakini ng'ombe nilikuwa nawajua mimi. Nilikuambia maziwa ya jioni yakilala kwenye plastiki yananuka vipi. Nilikuambia majani gani yakiliwa yanabadilisha ladha. Wewe unasikiliza, unachochea moto, kisha unayakunja maneno yangu yanakuwa mstari. Nilipoyaona ukutani nilisema moyoni, kumbe hata mimi nina neno linaloweza kutundikwa.

Kisha ile Sabato ya kwanza. Hiyo nikiikumbuka bado nacheka, hata sasa nikiwa na hasira na wewe. Wengi kwenye kikundi ni Wasabato, tukakubaliana Jumamosi banda lifungwe, na wewe Mkatoliki ukauandika mstari huo bila kununa. Siku: Sabato. Visanduku vingine vyote tupu. La kufanya: hakuna kupokea. Lakini uliuweka chini ya ule wa maziwa mazuri. Jumamosi mimi napita na Biblia yangu kwenda kanisani, namkuta Mama Agnes na mtungi wake, wewe umesimama mlangoni.

"Mimi si Msabato," anapiga kelele, "na ng'ombe wangu pia si Msabato! Tena someni wenyewe. Mstari wa kwanza: hayana harufu, kipimo kimekubali, siku kisanduku kitupu, pokea. Nimeshakubaliwa huku juu. Huko chini kwenye Sabato naenda kutafuta nini?"

Ulicheka mpaka ukashika nguzo. Ukamwambia, "Leo umenishinda, mimina." Na siku iliyofuata ukabandua karatasi, ukaupandisha mstari wa Sabato ukawa wa kwanza kabisa. Ukanieleza, "Sheria ilikuwa sawa, mpangilio ndio ulikosea. Mtu anaanzia juu. Mstari wa kwanza unaomkubali ndio wake, hapo anasimama. Kwa hiyo ukitaka mstari uwe na nguvu, angalia uko juu ya nani."

Neno hilo nililishika, Kwamboka. Usisahau kwamba ni wewe uliyenipa.

Na siku ile mtu alileta dang'a, ng'ombe amezaa juzi tu, maziwa mazito ya manjano, na jedwali zima halikuwa na mstari wake. Watu wakaanza kubishana tena kama zamani. Ukaandika mstari wa mwisho kabisa: Mengine yote: kamati iulizwe. Ulisema mstari huo ni wa mtu asiye na mahali. Nilikupenda siku hiyo. Nilisema, huyu mwanamke hawezi kumwacha mtu nje.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Kikundi kilikuwa kinagawa mitamba kwa zamu, kwa mpangilio wa majina, na zamu ilikuwa imenifikia. Unajua nilivyoisubiri. Ng'ombe wangu Sukari alikuwa amezeeka, na nilikuwa nimeshamwambia Kemunto ajenge kihori kingine. Ndipo kiwele cha Sukari kikavimba upande mmoja, maziwa yakatoka na mabonge. Daktari wa ng'ombe akamchoma sindano, akaniambia nimwage maziwa mpaka dawa iishe mwilini. Nikaja kwako mbio. Ulikuwa unapika mboga za chinsaga. Nilikuambia kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu: "Nikikosa kuleta maziwa watasema nauza kwingine. Nikisema ukweli watasema boma langu lina ugonjwa. Nifanyeje, omosani?"

Omosani. Rafiki. Nilikuita hivyo kwa Kigusii kwa sababu Kiswahili hakikutosha.

Ulinipakulia. Ukasema, "Kula kwanza. Hilo niachie mimi."

Nikakuachia. Nililala usingizi mzuri.

Mkutano ulipofika ulitundika karatasi na kulikuwa na mstari mpya, chini tu ya ule wa Sabato, juu ya ule wa maziwa mazuri. Ukasimulia kwamba kuna kituo gari zima la maziwa lilirudishwa kwa sababu ya dawa ya ng'ombe wa mtu mmoja, na maziwa ya kila mtu yakamwagwa mtaroni. Wanawake wakashika vifua. Ukasoma swali: Ng'ombe anatibiwa? Ndiyo. Mimi nikafurahi. Niliona swali langu, lile la jikoni, limepata mstari wake, nikajua umenitafutia njia. Mwenyekiti aliposema anayekubali ainue mkono, nilikuwa wa kwanza. Nilisoma upande wa kushoto nikainua mkono kabla sijafika kulia. Wewe ndiye uliyenifundisha nisiruke, na siku hiyo niliruka kwa sababu mwandishi alikuwa wewe.

Upande wa kulia uliandika: Maziwa yasipokewe. Zamu iruke.

Mwenyekiti akauliza, "Je, kwa sasa kuna yeyote ambaye ng'ombe wake anatibiwa?"

Nilikutazama. Hukuinua macho. Ulikuwa unafunika kalamu kifuniko chake, ukasema, "Wa Mama Kemunto."

Hivyo tu. Kama unataja bei ya sukuma wiki.

Wote wakageuka. Mtu nyuma yangu akasogeza kiti. Mama Agnes, mwenye kelele zile zote, ndiye peke yake aliyeangalia chini. Na zamu ikaruka. Anayenifuata alikuwa nani? Ulikuwa wewe. Mtamba akaingia bomani kwako, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na baada yake mitamba ikaisha. Mimi jina langu likawa chini ya lako.

Nimelizungusha jambo hili kichwani mpaka limeota sugu. Najaribu kukutetea. Nasema uliogopa lile gari. Nasema boma lenye kiwele kibovu halifai kupewa mtamba mgeni, hiyo ni kweli, hata mimi ningesema hivyo kama ningeulizwa. Nasema labda uliona ukinipendelea watasema jedwali lina ndugu. Haya yote nakupa. Lakini Kwamboka, wewe ulijua kuandika mstari mwingine. Ungeweza kuweka mstari wa mtu aliyekuja mwenyewe akasema. Ungeweza kuandika zamu isubiri. Ungeweza kuniita kando hata dakika moja uniambie, "Mama Kemunto, kesho nitakuumiza, jiandae." Hukukosa wino. Na karatasi ilikuwa na nafasi. Nimeitazama mara nyingi, kati ya mstari ule na wa juu yake kulikuwa na nafasi ya kutosha mikono miwili.

Kama ungeniibia mtamba zizini ningekusamehe upesi. Ulichochukua ni neno nililokuambia kwa kunong'ona, ukalitundika ukutani.

Baada ya hapo ulinisalimu kila asubuhi bandani na mimi nikakujibu kwa kichwa. Ulipougua wakati wa mvua, nilikuja hospitali mjini na chupa ya uji wa wimbi. Njia nzima nilijiambia, leo atasema. Nilikaa kando ya kitanda, ukanishika mkono, mkono wako umekuwa mwepesi kama ganda la mahindi. Nikangoja. Ukasema, "Nepia yako imeota vizuri?"

Nikasema imeota. Nikatoka nikalia kwenye ngazi, watu wakadhani umekufa.

Siku ya mazishi nilikuwa jikoni na wapishi kuanzia alfajiri. Niliwapikia watu wako. Walipoita tukuage mara ya mwisho, nilisema nachunga sufuria. Sufuria ilikuwa imeshaepuliwa.

Sasa sikiliza lililonifanya niandike.

Bosibori, mke wa Osoro, alichukua nafasi yako kwenye kikundi. Yule mtamba amezaa, na yeye ndiye anayemkamua. Kikundi siku hizi kinatoa matangi ya maji kwa zamu, kwa mpangilio ule ule wa majina. Zamu ilikuwa imemfikia yeye. Unajua mteremko wa kwenda chemchemini kutoka kwako, na yeye ana mimba kubwa na mwingine mgongoni. Majirani walikuwa wameshamsaidia kujenga msingi wa kuweka tangi.

Asubuhi moja alifika bandani mapema kabla ya wengine. Mtungi wake ulikuwa mtupu. Alisimama karibu na ndoo yako, akaanza kulia kabla hajasema. "Mama," akaniambia, "ng'ombe amevimba kiwele. Daktari amemchoma sindano jana. Osoro ameniambia ninyamaze, nilete tu maziwa, nani atajua. Lakini mimi nimeogopa gari. Nifanyeje?"

Nifanyeje. Neno lile lile. Na mimi nimesimama na kalamu, nyuma yangu ukutani mstari wako.

Nitakuambia ukweli wote, maana wewe siwezi kukudanganya hata ukiwa umelala. Jambo la kwanza lililoingia moyoni halikuwa huruma. Niliona nyumba yako imekamatwa na mstari wako. Nisingehitaji kufanya kitu chochote, kuusoma tu kutoka kushoto kwenda kulia. Na zamu ikiruka inamwendea anayefuata. Anayefuata, kwa vile wewe ulivyonishusha, ni mimi. Nami pia nachota maji bondeni. Magoti yangu unayajua.

Nilisikia mdomo wangu unataka kusema, "Hilo niachie mimi."

Nikaogopa. Niliogopa maneno hayo kama mtu aliyekanyaga kitu chenye baridi kwenye majani. Nikamwambia, "Hapana, Bosibori. Hili hutaniachia mimi. Nenda nyumbani umkamue ng'ombe kiwele kisizidi kuvimba, maziwa mwaga, na siku ya mkutano uje ukae karibu nami usikie kila neno."

Nilibandua karatasi nikaiweka mezani nyumbani. Kwanza nilitaka kuufuta mstari wako. Nilishika ile kalamu nene juu yake. Lakini nikaukumbuka mtaro ule wenye maziwa ya watu wote, na Osoro wako anayesema nani atajua. Mstari wako una kazi. Mtu anayeficha anastahili kuukuta. Basi nikauacha. Nikaongeza swali jipya juu, kwa upana: Amesema mwenyewe kabla ya kumimina? Kwenye mistari mingine yote nikakiacha kisanduku hicho kitupu, hata kwenye wako. Kisha nikaandika mstari mmoja. Ng'ombe anatibiwa: ndiyo. Amesema mwenyewe: ndiyo. La kufanya: maziwa yasipokewe, zamu yake imngoje, na akitoa habari jina lake lisitajwe mbele ya watu.

Lakini wako, kwa sababu kisanduku ni kitupu, unamkamata aliyesema na asiyesema pamoja. Kwa hiyo nilijua mahali pa kuuweka wangu.

Mkutanoni niliusoma wote, mpaka mwisho kabisa wa kulia, mara mbili, na kabla ya kuomba mikono nikamwambia kila mtu auangalie mwenyewe. Kulikuwa na minong'ono. Mwenyekiti, ambaye Bosibori alikuwa ameshamweleza kando, akaniuliza kwa upole, "Mama Kemunto, unajua huu ukipita leo nani anakosa tangi?"

"Najua," nikasema. "Jina lake naliandika kila wiki."

Mama Agnes akasimama, mikono kiunoni. "Mimi nina swali moja tu. Mstari huu unakaa juu ya ule wa marehemu ama chini yake?"

"Juu."

"Basi," akasema, "wa juu ndio unaoshinda. Mimi hayo nilifundishwa na Sabato," na banda zima likacheka, hata Bosibori na machozi yake. Mikono ikainuka.

Ng'ombe alipopona, tangi likawekwa kwako. Mvua ya juzi ilisikika kutoka mbali ikiingia ndani yake. Mimi nilikuwa njiani na mtungi kichwani, nikasimama nikasikiliza, na sitakudanganya, iliniuma. Bosibori anatuma mtoto aje achukue mtungi wangu aujaze kwao. Siku nyingine nakubali, siku nyingine nasema nimeshachota.

Sijakusamehe, Kwamboka. Bado. Nimekusamehe ule mtamba, maana ng'ombe ni ng'ombe. Kule kusema "Wa Mama Kemunto" huku unafunika kalamu, hilo sijaliweza. Nakukosa kila siku na nina hasira na wewe kila siku, na vyote viwili vinakaa kwenye kigoda kimoja. Sina wa kubishana naye juu ya waliolala.

Lala basi, omosani. Naona nimekuita tena hivyo, wacha likae.

Nakuahidi. Mradi kalamu iko mkononi mwangu, mstari wako sitaufuta, na hautapanda juu ya wangu. Bosibori nimeanza kumfundisha kuisoma karatasi, kutoka huku mpaka kule, bila kuruka. Na siku ile ya kuamka, kama pasta wangu ndiye aliyesema kweli, nitakutafuta katikati ya watu wote. Usianze kuniuliza habari za nepia. Utaniambia kwanza kwa nini, na karatasi ilikuwa na nafasi.

Mimi,
Mama Kemunto